Mama Mkubwa Salima Hakufa kwa Moyo

Mwanangu Atija,

Amani iwe juu yako, ingawa tumo nyumba moja na hata kukohoa kwangu unakusikia. Kesho chapa, lile basi dogo la kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, inaondoka alfajiri. Mimi, kama unavyonijua, maneno mazito hayanitoki mdomoni, lakini mkononi yanatoka. Shule niliisomea ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Tanzania, tulikokimbilia wakati wa vita, na kitu kimoja nilichorudi nacho kutoka kule ni mwandiko ulionyooka. Basi tangu adhuhuri nimejifungia humu chumbani na daftari lako la zamani, nimewaambia watu kichwa kinaniuma.

Sitakuandikia habari za chakula wala za kufunga mlango. Hayo baba yako amekwisha kukuambia tangu Ijumaa, na mengine ameyarudia mara tatu. Unakwenda kusomea unesi wa akina mama, enfermeira kama mnavyosema nyinyi watu wa shule, na kabla hujavaa hiyo sare nyeupe kuna jambo lazima ulisikie kwangu.

Mama yako mkubwa Salima hakufa kwa moyo.

Mimi ndiye niliyekuambia ni moyo. Ulikuwa umekaa jikoni unachambua mchele wa hitima, ukaniuliza, "Mama, moyo unamuuaje mtu aliyekuwa anaugua tumbo?" Nikakujibu kwamba moyo ndivyo ulivyo. Ukanitazama kidogo, ukarudi kwenye mchele wako. Tangu siku ile nimejua kuwa hukuniamini, na wewe umejua kuwa nimejua, na tumeishi hivyo miaka mitatu. Swali lako lilikuwa zuri. Sasa nikujibu.

Unakumbuka mji wetu huu wa Palma ulipoanza kujaa wageni. Helikopta zilipita juu ya makuti mpaka kuku wakakimbilia uvunguni. Watu wakasema wazungu wamekuta gesi chini ya bahari. Mimi nilitaka kujua imekaaje huko chini, imo katika chombo gani, mbona maji hayaingii. Nilimwuliza baba yako, nikamwuliza imamu, nikamwuliza hata kijana mmoja aliyevaa kofia ngumu ya manjano. Kila mmoja alijibu lake. Halafu wakatafuta wanawake wa kazi kwenye kambi moja ya wageni, nami nikachukuliwa kuwa dobi.

Kabla ya kuanza kazi tulipimwa. Sijapata kupimwa namna ile maishani. Walitoa damu, wakachukua mkojo kuona kama tuna mimba, wakapiga picha kifua, wakatutaka tuteme makohozi kwenye kikopo, wakatutazama ngozi na vidole vya miguu. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Nilimwambia dada yangu Salima, "Nimepimwa kila kitu. Sina hata kimoja." Akasema, "Hongera, mwenzangu. Mimi hata mizani ya kunipima uzito sijapata kuikanyaga."

Pale kambini nilikuwa na mwenzangu wa pasi, Anjelina, Mmakonde wa Nangade, mwenye Kireno kizuri kuliko changu. Na kulikuwa na mzungu mmoja mwanamke, Marit, aliyekuwa akisoma mawe yanayotolewa chini ya bahari. Alikuwa amekaa Mtwara kabla ya kuja kwetu, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Mimi na yeye tulikuwa marika. Tulikuwa hata na mvi mahali pamoja, hapa juu ya sikio.

Siku moja alikuja kutaka nguo zake mapema.

"Mbona safari ya ghafla?" nikamwuliza. "Kuna msiba?"

"Hapana. Nakwenda kwa daktari."

"Pole. Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Basi mama anaumwa."

"Mama mzima. Hakuna anayeumwa, Mama Atija. Nakwenda kupimwa tu."

Nikaiweka pasi kando. "Unapanda ndege mbili tatu kwenda kwa daktari, na huumwi?"

Akacheka. Akanieleza kwamba serikali ya kwao humwandikia barua kila baada ya miaka michache, barua yenye jina lake, ikimwita aje atazamwe mlango wa kizazi. Na ukifika umri fulani wanakuita pia kupigwa picha ya matiti.

"Wanatafuta nini humo?"

"Saratani. Au kile kidogo kinachokuja kabla ya saratani."

"Na wakikiona?"

"Wanakitoa. Unarudi kazini."

Atija, mimi nimezaa mara nne, na wawili wenu tu ndio mlionusurika, lakini sikujua kwamba kizazi kina mlango. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakunicheka. Alichukua karatasi ya kuhesabia mashuka akanichorea, kitu kama embe dodo lililogeuzwa, na chini yake shingo nyembamba yenye tundu. Nilikitazama kile kitu mpaka Anjelina akaniita mara mbili. Ajabu iliyonishika si ile picha tu. Ilikuwa ni fikra kwamba mahali fulani duniani daktari anakutafuta wewe kabla wewe hujamtafuta yeye. Kwetu mtu huenda hospitali akiwa amekwisha kubebwa.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana hapa ndipo penye kosa langu.

Ramadhani iliyotangulia, Salima alikuja kwangu saa ya kupika futari, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi bila kukuna. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Saida, mimi damu imenirudia." Yeye alikuwa amekwisha kukoma siku zake, ulikuwa ni mwaka wa nne. Unajua nilimwambia nini dada yangu? Nilimwambia, "Ujana umekurudia! Mume wako akisikia atachinja mbuzi." Akacheka. Nikacheka. Akaanza kukuna nazi.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kuliko lolote katika maisha yangu. Dada yangu alikuja na hofu yake mkononi, mimi nikaifanyia mzaha, naye kwa adabu akacheka ili asinivunje. Kwa miezi mingi hakuliinua tena.

Alikwenda mwenyewe kwenye zahanati moja, mara tatu. Mara zote tatu mganga alimwuliza maswali kutoka ng'ambo ya meza, kwa Kireno, na mtu wa foleni akitafsiri mbele ya watu. Ukiulizwa siri zako mbele ya watu unasema nusu. Mara zote tatu alipewa vidonge vya uchafu wa tumbo. Kitanda cha kupimia kilikuwepo humo ndani, Salima alikiona, kilikuwa kimewekewa maboksi.

Baadaye nikaona anakaa pembeni. Kwenye maulidi alikaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango. Harusini vivyo hivyo. Nikadhani amejiinua, labda kwa sababu mimi sasa nafanya kazi kambini na yeye anauza maandazi, moyo wake umeingia kitu. Nikamnunia, Atija! Wiki mbili tatu sikupita kwake. Kumbe alikaa mlangoni ili upepo uchukue harufu.

Marit aliporudi kutoka kwao, nikawa na maswali yangu tayari. Nikamwuliza, "Huo ugonjwa ukiingia, mtu anauonaje?" Akasema mwanzoni hauonekani kabisa, ndiyo maana wao wanaitwa kupimwa. Ukikua, damu inatoka isipotakiwa. Hasa, akasema, kwa mwanamke aliyekwisha kukoma siku zake.

Nilikuwa nimeshika shuka ncha mbili, Anjelina ameshika ncha mbili nyingine, tunalikunja. Nililiachia.

Siku ileile nilikwenda kwa daktari wa kambi. Hakuwa mzungu, usije ukafikiri ninakusimulia habari za mzungu mbaya. Alikuwa mtu mweusi kutoka kusini mwa nchi yetu hii, mpole, ana miwani. Anjelina alinitafsiria. Nikamwambia nataka kipimo cha mlango wa kizazi, changu, na cha dada yangu. Akasema kipimo hicho hakimo kwenye orodha yetu.

"Orodha gani?" nikauliza.

"Orodha ya wafanyakazi wa hapa nchini."

"Kwani kuna nyingine?"

Akavua miwani. "Kuna ya wageni. Wale wana bima za kwao, na bima ndizo zinazodai."

"Naweza kuziona?"

Anjelina alinikanyaga mguu, lakini akatafsiri. Na yule daktari, namshukuru mpaka leo, akazitoa zote mbili akaziweka mezani. Kireno changu cha kusoma ni kibovu, ila majina ya magonjwa mengi yanafanana. Nikapita na kidole. Yetu: kifua kikuu, malaria, mimba, macho, mgongo. Ya wale: hayo karibu yote, na moyo, na sukari, na matiti, na mlango wa kizazi.

Nilikaa pale nikaelewa kitu pole pole. Sisi tulitafutwa tulichoweza kuwaambukiza wenzetu, au kilichoweza kutuzuia kunyanyua ndoo. Wale walitafutwa kile kinachoweza kuwaua wao wenyewe. Na mimi nilikuwa nimekwenda kumringia Salima kwamba nimepimwa kila kitu.

Daktari akajaribu kunituliza. Akasema ugonjwa huo kwa wanawake wa huku hauonekani sana.

"Umejuaje?"

"Kwenye vitabu vya hospitali za huku haumo sana."

"Nani aliangalia?" nikamwuliza.

Anjelina hakutafsiri mara moja. Akanitazama kwanza. Kisha akatafsiri, na yule daktari akachomoa karatasi, akaandika barua ya kumpeleka Salima hospitali mjini. Aliiandika ndefu. Akaigonga muhuri mara mbili.

Mjini tulifika kwa siku mbili, maana Salima hakuweza kukaa muda mrefu, kila kijiji ilibidi chapa isimame. Abiria walituona ni wasumbufu. Katika hospitali nisiyoitaja jina tulipokewa na nesi mmoja, mwanamke wa Nampula, Delfina. Alikuwa mnene, anatembea haraka, viatu vyake vikilia. Alipoona Kireno hatukiwezi akabadili, akasema Kimakua, akaona hatukijui vizuri, akaja kwenye Kiswahili chake cha kuokoteza. Alijaribu lugha tatu, Atija. Kule zahanati hata ya pili haikujaribiwa.

Alimlaza Salima, akamtazama kwa taa. Mimi nilishika mkono wa dada yangu, huku nikimtazama Delfina usoni, na uso wake ukaniambia kabla ya mdomo. Akamfunika vizuri, akamshika bega, akasema anamwita daktari. Kisha akanitoa nje.

"Mmechelewa," akasema. "Miaka miwili mitatu nyuma, ningekitoa mwenyewe, kwa mikono hii, kwa nusu saa."

Nikamwuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa tangu kambini. "Huu ni ugonjwa wetu sisi weusi? Mungu katupa sisi?"

"Ugonjwa ni uleule," akasema. "Mzungu naye unamwingia. Lakini yeye anaitwa kwa barua, nyinyi mnaletwa mmebebwa. Sasa wewe. Panda kitandani."

"Mimi siumwi."

"Ndiyo maana nasema upande."

Na hapa, mwanangu, mimi niliyewahoji mzungu na daktari, mimi niliyetaka kuona orodha, niliona aibu. Niliona hofu pia, lakini aibu ndiyo iliyotangulia. Nikasema nakwenda kumchotea mgonjwa maji. Nikachukua chupa, nikatoka, sikurudi mpaka Delfina alipomaliza zamu.

Salima alijua. Njiani tunarudi, amelala kichwa mapajani kwangu, akaniuliza, "Umekimbia?"

"Nimekimbia."

"Mjinga wewe." Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ningependa kujua wanaona nini huko ndani. Uende, halafu unisimulie."

Sikuwahi kumsimulia. Aliishi miezi mitano. Daktari alikuwa ametuambia matibabu ya hatua ile yako mbali sana na hata huko hayana ahadi, na Salima akasema anataka kufia kwake. Uliona mwenyewe alivyokonda, lakini ulikatazwa kuingia chumbani, na ukadhani ni sisi tunakufanya mtoto. Yeye ndiye aliyekataa. Alikupenda, na alitaka umkumbuke akinukia udi. Akaniapisha nisimwambie mtu ugonjwa ulikaa wapi. Nikaapa. Leo nakiuka kiapo hicho, na nimeomba radhi kwa Mungu, na kwake.

Lakini siri haikukaa hata wiki. Wanawake walioosha maiti waliona. Hawakulitangaza. Wakanifuata mmoja mmoja, mwingine kisimani, mwingine akijifanya anakuja kukopa chumvi, na kila mmoja akauliza jambo lile lile: "Mwenzio ilimwanza vipi?" Nikawa nawajibu. Kisha nami nikawauliza. Fulani bin fulani, mke wake alikufa na nini? Tumbo. Na bibi wa kule Quionga? Jini. Na yule jirani aliyeachwa na mumewe? Alirogwa. Na kabla ya kufa je, hakuwa akitokwa na damu? Wanafikiri, wanafikiri, halafu mkono unakwenda mdomoni. Sikujua nitafanya nini na majina yale. Nilitaka tu kujua. Na nikaona kumbe tulikuwa tumeufahamu ugonjwa huu siku zote, ila tuliupa majina mengi mpaka ukatupotea.

Ndipo nikarudi kwa Delfina. Unakumbuka ile safari yangu ya kwenda kununua vitenge, nikarudi na viwili tu, ukanicheka? Ndiyo hiyo.

Nilipanda kitandani. Nikamwambia, "Mimi nataka kuona." Akasema tangu aanze kazi hajapata mgonjwa aliyetaka kuona. Akatafuta kioo kidogo cha mkononi, akaninyanyulia mto. Atija, ulivyo mlango ule! Mdogo, laini, unang'aa kama ndani ya shavu. Akachovya pamba kwenye siki akaupaka. Siki, ile ya kutilia achari! Akasema tusubiri dakika moja. Tukasubiri. Na pembeni, taratibu, pakajitokeza doa jeupe kama tone la tui.

"Ndilo hilo," akasema. "Hilo si saratani. Hilo ni lile linalokuja kabla."

"Litoe basi."

Akanionyesha mtungi pembeni ya ukuta. Doa lile huuawa kwa baridi, na baridi inatoka kwenye mtungi wa gesi, na mtungi ulikuwa mtupu. Ulikuwa mtupu wiki ya tatu sasa. Si gesi hii ya kwetu ya baharini, ni nyingine, alinieleza nilipouliza. Lakini nilicheka pale kitandani, sikuweza kujizuia, naye akacheka, mpaka tukafuta machozi. Helikopta zote zile, meli zote zile, na Delfina anapiga simu kila asubuhi kuomba mtungi mmoja.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Mtungi ulikuwa umekuja. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika ugali. Maumivu ni kama ya siku za mwezi. Kisha akanipa sharti la kulala peke yangu mwezi mzima, na sharti hilo, utaelewa ukiolewa, halifichiki. Ilibidi nimweleze baba yako kila kitu, tangu orodha mpaka mtungi. Alisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza akakunja uso, nikadhani amekasirika. Akauliza, "Siki ileile ya achari?" Nikasema ileile. Akatikisa kichwa. Kesho yake akaenda kumwambia kaka yake ampeleke mkewe.

Kambini nilimwambia Marit. Alikuwa ananiuliza habari za dada yangu kila mara. Akalia. Akasema, "Sikujua kama nyinyi hampimwi. Nilidhani orodha ni moja." Na mimi, badala ya kumshika mkono, nilimkasirikia. Nilikasirika kwa sababu yeye hakulazimika kujua. Barua yake ilimfuata mpaka kwake, hakuwa na haja ya kuuliza nani hakuandikiwa. Halikuwa kosa lake, na nikamtaka radhi baadaye, lakini hasira ile naiweka wazi kwako ili usidhani mama yako alikuwa mwema katika kila jambo.

Yeye na yule daktari wa miwani wakazungumza na wakubwa. Sisi madobi na wapishi na wafagiaji tukaandika karatasi, Anjelina akaiweka kwa Kireno. Ilipita miezi. Mwisho tulipewa siku moja. Siku moja, na kontena moja lenye kiyoyozi. Delfina akaja na taa yake, chupa zake za siki, na mtungi umejaa. Aliukagua mara mbili mbele yangu.

Kwenye ukuta wa kontena walibandika picha za kutufundisha. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mzungu, titi lake limefanya wekundu, na mshale unaonyesha wekundu ule. Anjelina akaitazama, akauliza, "Na kwetu sisi, hapa panakuwa na rangi gani?" Delfina ndiye aliyejibu, "Hata mimi nilifundishwa kwa picha hizi. Nilihitimu, nikafika wodini, nikawa sijui ninachotafuta. Ilibidi niyafunze macho yangu upya." Kisha akatuonyesha kwa vidole: ngozi inavyokaza, inavyokuwa na vishimo kama ganda la chungwa, inavyozidi weusi mahali pasipotakiwa.

Wengi waliingia. Baadhi walifika mlangoni wakageuka, mmoja akasema anakwenda kuchota maji, na mimi sikumcheka. Anjelina alikutwa na doa kubwa kuliko langu, likauawa siku hiyo hiyo. Kati ya binti zake Salima, niliowaombea nafasi, mkubwa aliingia, akakutwa hana kitu. Mdogo amekataa mpaka leo. Anasema akitazamwa kitaonekana, asipotazamwa hakipo. Simwezi. Labda wewe utamweza, mnapendana.

Mwaka uliofuata mkataba wetu ulikwisha, na siku ya pili haikuja. Sitaki udhani tulishinda. Waliopata nafasi ni wale waliokuwa na kazi siku ile, na ndugu wachache tuliowaombea. Mwanamke wa Macaloe anayekausha samaki hakuwa na orodha yoyote, ya kwanza wala ya pili.

Basi ndiyo habari yenyewe. Nikufundishe nini mimi, dobi, wewe unayekwenda kufundishwa na wenye vyeti? Nina machache, na yote yametokana na kukosea.

Atakuja mwanamke mbele yako akisema jambo lake huku anacheka. Usicheke naye haraka. Mwache amalize kucheka, kisha mwulize tena. Ukimwona mtu anakaa mlangoni, usidhani anaringa. Kitanda cha kupimia kisiwekewe maboksi katika chumba chako. Na darasani wakikuonyesha picha, nyanyua mkono uulize kwetu inaonekanaje. Wakikuambia ugonjwa fulani si wa watu wa kwenu, waulize nani aliangalia. Waulize kwa adabu. Mimi niliuliza kwa adabu na daktari alinionyesha orodha. Kwa ukali nafikiri asingenionyesha, ingawa wakati mwingine najiuliza kama ukali kidogo ungetupatia siku ya pili. Hilo sijalipatia jibu. Ukilipata niandikie.

Yapo mengine sijayajua. Sijui kwa nini doa langu lilingoja na la Salima halikungoja, tulizaliwa tumbo moja, tukala sufuria moja. Delfina alisema kuna kijidudu kinacholeta haya yote, na kwamba siku hizi kuna chanjo ya wasichana, lakini kwetu haijaenea. Kijidudu hicho kinaishije ndani ya mtu miaka kumi bila kumwasha? Mpaka leo nataka kujua. Ukifundishwa, nieleze taratibu, kwa Kiswahili, na uchore.

Nilifikiri barua hii nitaipachika ndani ya mzigo wako, kati ya nguo, uikute Pemba nikiwa mbali na macho yako. Ndivyo ningefanya zamani. Lakini nimechoka kuwa mtu wa kutoka nje na chupa ya maji. Sasa hivi nakusikia uani unaanika kanga zako za safari. Nafungua mlango, nakuita, nakupa hii mkononi. Keti hapa kitandani pangu uisome yote, na mimi nitakaa mbele yako. Ukimaliza, niulize lolote, na safari hii nitakujibu.

Mama yako,
Saida